Sura ya Tano: Mama wa Mtu Ukutani

Karibu kila anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya picha za familia huuliza: "Sasa hii nayo ni sanaa?" Ukutani kuna mama mtu mzima kakaa kitandani na gauni la kulalia. Pembeni yake mzee anatazama televisheni, mtoto anaoga kwenye beseni, na meza imejaa vyombo visivyooshwa. Kwenye simu yako una picha chungu nzima za namna hiyo, na hakuna aliyewahi kukuomba uzitundike popote. Halafu linakuja swali la pili, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: "Na huyu mama wa watu ananihusu nini?"

Maswali yote mawili ni ya haki, na wanaoyauliza hawana ushamba wowote. Tutaanza na namna ya kuzitazama picha hizi, kisha tutayarudia maswali hayo tukiwa na cha kujibu.

Ninaposema picha za ndani ya familia nina maana ya picha zilizopigwa na mtu wa nyumbani, au zilizotunzwa na watu wa nyumbani, zenye mambo ambayo mgeni kwa kawaida haonyeshwi: kulala, kuugua, kugombana, kuzeeka, kufiwa. Picha ya studio, watu wakiwa wamevaa nguo za sikukuu na kujipanga kwa mistari, nayo imo, mradi makazi yake yalikuwa sebuleni au kabatini na si kwenye gazeti.

Albamu ina msimulizi wake

Zamani kabla ya simu zenye kamera, mgeni akifika kwenye nyumba nyingi za Afrika Mashariki alipewa soda na albamu. Mwenye nyumba akaenda jikoni, mgeni akabaki anafunua kurasa. Lakini hakuachwa peke yake muda mrefu. Mtoto wa nyumba alikuja kukaa ubavuni pake, au mama mwenyewe alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, na maelezo yakaanza. Huyu ni marehemu babu. Hapa ni Morogoro, kabla hatujahama. Huyu usimwone kanuna, alikuwa anaumwa jino. Na huyu aliyekatwa kwa mkasi, usiulize.

Picha yenyewe haisemi habari za jino. Inaonyesha uso uliokunjamana, basi. Jino limo kwenye sauti ya mama.

Sasa ichukue picha hiyohiyo, ikuze ifike upana wa mita moja, itie fremu, itundike kwenye ukuta mweupe, na mama mwenye kanga asiwepo. Uso uliokunjamana umebaki, jino limepotea. Mtazamaji wa kwanza atasema huyu mtu ana huzuni. Wa pili atasema ameonewa na mumewe. Wa tatu, hasa kama maonyesho yako Ulaya, atasema hiyo ndiyo dhiki ya Afrika. Wote watatu wanaongea kwa uhakika, na hakuna hata mmoja anayejua habari za jino.

Hilo ndilo shina la sura hii. Picha ya familia inapoingia kwenye maonyesho inampoteza msimulizi wake. Kuitazama vizuri ni kutafuta kitu gani kimewekwa mahali pa sauti ile, na ni nani aliyekiweka.

Kinachokaa mahali pa sauti

Kuna mambo manne ya kukagua kabla hujasema lolote kuhusu nyuso.

1. *Ukubwa.* Picha ndogo inakulazimisha usogee, uiname, utazame kama unayetazama albamu. Picha inayokuzidi kimo inakufanya urudi nyuma. Mtu yuleyule akiwa mdogo ni siri unayoonjeshwa. Akiwa mkubwa ni mtu wa kuheshimiwa, au wa kushangaza.

2. *Mfuatano.* Wasanii wengi hawaonyeshi picha moja. Huonyesha mfululizo, yaani picha nyingi zilizokusudiwa kutazamwa pamoja. Mmarekani Nicholas Nixon alianza mwaka 1975 kumpiga picha mkewe pamoja na dada watatu wa mkewe, mara moja kila mwaka, wakisimama kwa mpangilio uleule, na akaendelea hadi 2022. Ukiona moja tu, umeona wanawake wanne. Ukiziona arobaini kwa mfuatano, kama zilivyowekwa kwenye Museum of Modern Art ya New York mwaka 2014, unachoona ni miaka.

3. *Kibandiko.* Hiki ni kikaratasi kilicho kando ya picha chenye jina la msanii, jina la picha, mwaka, na pengine maelezo mafupi. Picha inayoitwa "Mama, 2008" na picha hiyohiyo ikiitwa "Mgonjwa, 2008" hazitazamwi kwa jicho moja.

4. *Majirani.* Picha hubadilika kufuatana na iliyo kando yake. Anayeamua ipi ikae karibu na ipi huitwa mratibu wa maonyesho, naye mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote ingawa jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo.

Mfano maarufu wa nguvu ya mratibu ni maonyesho ya The Family of Man, yaliyofunguliwa mwaka 1955 kwenye jumba hilohilo la New York. Mratibu Edward Steichen alipanga picha 503 kutoka nchi 68: mapenzi karibu na mapenzi, uzazi karibu na uzazi, msiba karibu na msiba, bila kujali bahari zilizowatenganisha watu hao. Ujumbe ulikuwa kwamba binadamu wote ni familia moja, na mamilioni ya watu waliokwenda kuyaona katika nchi mbalimbali waliguswa. Wakosoaji nao wakauliza swali ambalo halijazeeka: ukimweka mama wa nchi iliyotawaliwa kando ya mama wa nchi iliyomtawala na kusema "wote ni mama", si umeshafuta habari ya nani alimfanya nani maskini? Undugu ulikuwa wa kweli, ila kila picha ilinyang'anywa sauti yake ili zote ziimbe wimbo mmoja.

Baba aliyeikataa picha yake

Tuingie sasa kwenye nyumba moja. Larry Sultan, mpiga picha wa California, alianza mwaka 1983 kuwapiga picha wazazi wake, kazi iliyomchukua takriban miaka kumi. Baba yake, Irving, alikuwa amepanda ngazi hadi kuwa makamu wa rais wa kampuni ya nyembe za Schick, kisha akajikuta nyumbani bila kazi kabla hajawa tayari kustaafu. Katika picha mojawapo, ya mwaka 1984, baba amevaa suti, amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama mbele.

Watazamaji wengi huisoma picha hiyo kwa namna moja: mstaafu mpweke, mtu aliyevaa vizuri asiye na pa kwenda. Ni usomaji mzuri, unaingia akilini. Kasoro yake ni kwamba baba mwenyewe aliukataa. Alimwambia mwanawe kila anapoionyesha picha ile awaambie watu kwamba yule mwenye huzuni kitandani si yeye Irving, ni Larry. Yeye alikaa pale alipoambiwa akae, na alifurahi kumsaidia kijana wake kazi.

Sultan hakuuficha ubishi huo. Kitabu chake Pictures from Home, kilichotoka 1992, kinaweka maneno ya baba na mama kando ya picha, pamoja na pale wanapompinga. Kwa maneno mengine, aliirudisha ile sauti ya albamu, na ikarudi ikiwa na mgogoro.

Hapo pana somo kubwa. Katika kila picha ya familia wamo watu watatu: anayeonekana, aliyepiga, na anayetazama. Huzuni unayoiona inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Njia rahisi ya kujilinda ni kutaja kwanza kile ambacho mtu mwingine aliyesimama kando yako angekubali pia. "Mabega yameshuka, mikono iko wazi, macho hayatazami kamera": hayo yanaonekana. "Amekata tamaa": hiyo ni hukumu, na hukumu husubiri ushahidi.

Sisi wenyewe tunalijua hili bila kufundishwa. Tazama picha za studio za babu na bibi zetu. Hakuna anayecheka. Mgeni atadhani walikuwa na maisha ya majonzi. Mjukuu anajua kwamba picha ilikuwa jambo zito: mtu alioga, akaazima koti, akalipa pesa, akasimama wima kwa heshima. Kucheka mbele ya kamera kulikuwa utoto.

*Kwa kifupi hadi hapa:* picha haina sauti. Msanii na mratibu huweka vitu vingine mahali pake. Na hisia unayoiona si lazima iwe ya mtu aliye kwenye picha.

Kamera iko mikononi mwa nani?

LaToya Ruby Frazier alizaliwa mwaka 1982 Braddock, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliokua kando ya kiwanda cha chuma cha tajiri Andrew Carnegie kilichoanza kazi 1875. Miaka ya 1920 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 20,000. Ajira za chuma zilipoporomoka, wenye uwezo wakahama, na idadi ikashuka hadi takriban 2,000. Waliobaki, wengi wao Weusi, walibaki na moshi wa kiwanda na maradhi yake. Mwaka 2010 hospitali ya mji ikafungwa, kisha ikabomolewa.

Frazier aliwapiga picha bibi yake Ruby, mama yake, na yeye mwenyewe, kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi hiyo ikawa kitabu, The Notion of Family, mwaka 2014, na imetundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa. Katika picha moja ya 2005 yeye na bibi yake wamekaa sakafuni sebuleni, wamezungukwa na wanasesere wa bibi. Katika nyingine, ya 2008, uso wa mama umeonekana kwa upande na kuziba sehemu ya uso wa binti aliye nyuma yake, anayetutazama sisi.

Tuitumie hiyo ya pili kama zoezi. Kinachoonekana: nyuso mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma, mmoja haututazami na mwingine anatutazama. Mtu anaweza kuishia hapo akasema ni picha ya kufanana kwa mama na binti. Ni kweli wanafanana. Lakini tembea ukutani, utazame majirani wa picha hiyo. Kuna picha za hospitali inayobomolewa. Kuna mitaa yenye nyumba tupu. Kuna miili iliyougua. Sasa ule uso unaozibwa na uso mwingine unaanza kuuliza jambo zaidi ya sura: binti amerithi nini kutoka kwa mama, na mama kutoka kwa bibi? Macho, ndiyo. Na pia hewa waliyoivuta wote watatu.

Kuna jambo jingine. Picha mojawapo ya mwaka 2008 jina lake linaeleza kwamba mama ndiye anayempiga picha Frazier. Kamera ilizunguka ndani ya nyumba. Aliyekuwa mbele yake jana, leo alikuwa nyuma yake, na Frazier amekuwa akisema wazi kwamba mama yake alikuwa mshirika katika kazi. Picha za watu maskini mara nyingi hupigwa na mtu aliyekuja kwa gari na kuondoka jioni. Hapa mpiga picha hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa nyumba.

Hata hivyo, kuwa mtoto wa nyumba peke yake hakumalizi mjadala. Mwingereza Richard Billingham alimpiga picha baba yake mlevi na mama yake katika nyumba yao ya halmashauri karibu na Birmingham, kwa flashi kali na filamu ya bei nafuu. Alianza akikusudia kuzitumia kama vielelezo vya kuchorea. Zikawa kitabu mwaka 1996, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa Royal Academy, London, mbele ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuishi katika nyumba ya namna ile. Wengine waliona upendo wa mtoto asiyeficha kitu. Wengine waliona familia ya watu wa chini imeanikwa ili wenye nazo washangae. Picha hazikubadilika. Kilichobadilika ni ukumbi na waliokuwa wamesimama ndani yake, na ndiyo maana mtazamaji naye anatakiwa ajiulize anatazama akiwa amesimama wapi.

Picha zilizopotelewa na majina

Mpaka sasa msanii alikuwa hai, na jamaa zake wanajulikana. Je, msimulizi akifa na hakuna aliyeandika?

Santu Mofokeng, mpiga picha wa Soweto aliyefariki 2020, alizunguka kwenye familia za Weusi wa mijini Afrika Kusini akikusanya picha zao za kati ya 1890 na 1950. Nyingine zilikuwa bado zimetundikwa ukutani. Nyingine zilikuwa zimesahaulika kwenye makabati, maboksi na mifuko ya plastiki. Wanaoonekana humo wamevaa suti, magauni marefu, kofia. Wamekaa kwenye viti vya studio wakitazama kamera bila woga. Picha hizo waliziagiza au kuziridhia wenyewe, katika nyakati ambazo wapiga picha wengine walikuwa wakimtafuta Mwafrika aliyevaa ngozi tu, wamwonyeshe kama kielelezo cha kabila lake.

Mofokeng alizisafisha nakala, akazionyesha kama slaidi 80, zinazopokezana gizani moja baada ya nyingine. Katikati ya picha kuna slaidi zenye maandishi. Jina likipatikana limeandikwa. Lisipopatikana, yanakuja maswali: hawa ni nani, walitamani nini, na nani anawatazama sasa?

Ona alivyolitatua tatizo letu. Hakujifanya yeye ndiye msimulizi aliyepotea. Pale ambapo sauti imekatika, aliliacha pengo lionekane na kumkabidhi mtazamaji swali. Na pengo lenyewe linaeleza historia, kwa sababu utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini ulizivunja jamii na kuzihamisha kwa nguvu, na familia inayohamishwa kwa lori haibebi kila albamu.

Msanii mwingine wa nchi hiyo, Lebohang Kganye, alikwenda njia tofauti. Mama yake alifariki 2010. Baadaye akakuta nyumbani nguo ambazo mama alizivaa kwenye picha za albamu. Akazivaa, akaenda mahali zilipopigwa, akakaa pozi lilelile, kisha kwa kompyuta akaunganisha picha ya zamani na mpya. Katika mfululizo huo wa mwaka 2013, Ke Lefa Laka: Her-story, mama na binti wako pamoja, mmoja kama kivuli kinachopenya mwanga. Mbele ya kazi kama hiyo, kuuliza "ni ya kweli au ya kupangwa?" hakutufikishi mbali. Imepangwa, na msanii anataka tuone kwamba imepangwa, kwa kuwa mshono kati ya picha mbili ndio unaoeleza kufiwa.

Nasi tunao mfano wa karibu. Kwenye Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ipo Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kuta zake zimejaa picha za zamani za watu na mitaa. Mtalii anayeingia pale huona Zanzibar ya kale. Mwenyeji akiingia anaweza kuona shangazi yake. Picha ni moja, ila mmoja kaja na sauti na mwingine kaja mikono mitupu. Mtalii hana kosa kuipenda picha. Kosa litakuja akidhani alichokiona yeye ndicho kilichomo chote.

Ruhusa ya nani?

Kuna watu ambao husita kabla hata ya kufikia maana. Wanauliza: aliulizwa huyu?

Swali hili liliwaka sana kwa kazi ya Sally Mann wa Virginia, Marekani, ambaye kuanzia katikati ya miaka ya 1980 aliwapiga picha watoto wake watatu wakiwa shambani kwao: wanacheza, wana majeraha, wamelala, mara nyingine bila nguo kwenye joto la kiangazi. Kitabu Immediate Family kilipotoka 1992, wapo waliosema hizo ni miongoni mwa picha bora za utoto zilizowahi kupigwa, na wapo waliosema mama hana haki ya kuwaanika watoto wasioweza kujua picha itakwenda wapi. Mjadala haujaisha. Mwanzoni mwa 2025 polisi wa Fort Worth, Texas, walichukua baadhi ya picha hizo kutoka kwenye maonyesho ya makumbusho. Baadaye baraza la raia linalopima kama kuna kesi likakataa kufungua mashtaka. Sheria ilisema lake, lakini mzazi anayesoma ukurasa huu ana haki ya kubaki na wasiwasi. Mtu anaweza kukubali kwamba picha ni nzuri na bado aone kwamba mtoto alistahili kungojwa akue ajibu mwenyewe.

Pwani yetu ina utaratibu wake wa jambo hili. Katika harusi nyingi za Mombasa, Lamu na Unguja, upande wa wanawake hupigwa picha na mwanamke, na wageni huombwa simu zikae mikobani. Ndani mle mabuibui yamevuliwa, nywele zimesukwa, hina imekolea, watu wamependeza kwa ajili ya macho yaliyoalikwa. Picha zitakazopigwa zitakaa kabatini, na anayeonyeshwa anachaguliwa. Mtu wa nje anaweza kuona hapo hofu ya kamera. Ukitazama vizuri utaona kinyume chake: hawa ni watu wanaojua sana nguvu ya picha, ndiyo maana wanaiwekea mlango.

Msomi maarufu wa picha, Mfaransa Roland Barthes, aliufunga mlango huo mbele ya wasomaji wake. Mama yake alifariki 1977. Akipekua picha za nyumbani akakuta moja ya mwaka 1898, mama akiwa na miaka mitano, amesimama na kaka yake kwenye chumba cha vioo cha kukuzia mimea. Katika picha hiyo kuukuu alimwona mama yake kama alivyomjua maisha yote. Aliizungumzia kwa kurasa nyingi katika kitabu chake La Chambre claire, kilichotoka 1980. Kitabu kina picha nyingi za watu wengine. Hiyo haimo. Kwa msomaji, alieleza, ingekuwa picha ya mtoto fulani tu.

Barthes alijua kwamba kuna maana isiyosafiri. Msanii anayeonyesha picha za jamaa zake anakuwa amechagua zile ambazo zinaweza kusafiri bila yeye, na nyuma ya kila picha iliyo ukutani zipo nyingine zilizobaki nyumbani. Huna deni la kuonyeshwa hizo.

Maswali ya kubeba mfukoni

Ukisimama mbele ya picha ya familia usiyoijua, jiulize kwa mpangilio huu:

- Ninaona nini, kabla sijaanza kueleza? Mikono, nguo, vitu mezani, mwanga unatoka wapi.
- Nani kapiga, na ana uhusiano gani na anayeonekana?
- Anayeonekana anajua kwamba anapigwa? Je, kuna dalili kwamba alishiriki kupanga?
- Ukubwa, mfuatano, kibandiko na majirani vinanisukuma nifikiri nini?
- Ni kipi nimekileta mimi kutoka nyumbani kwetu?
- Ni nini ambacho ni wao tu wanaweza kukijua?

Swali la tano si la kuonea aibu. Ukimwona mama wa mtu kitandani na moyo ukakuenda kwa mama yako, umetazama vyema. Ila mpe kila mmoja wao kitanda chake. Baada ya kumkumbuka wako, rudi kwa yule wa ukutani, utafute kinachomtofautisha.

Kwa ufupi

Turudi kwenye maswali mawili tuliyoyaahirisha. "Hii nayo ni sanaa?" Picha moja moja huenda haina tofauti na zile za kwenye simu yako. Sanaa imo katika uamuzi: ipi ichaguliwe, ifuatane na ipi, iwe kubwa kiasi gani, nani apewe nafasi ya kubisha, na pengo gani liachwe wazi. Kazi ikiwa dhaifu, utaona hakuna kilichowekwa mahali pa sauti. Picha zimening'inia tu zikisubiri kuonewa huruma.

"Ananihusu nini?" Hakuhusu kwa damu. Lakini ajira za kiwandani zilizoporomoka, hospitali iliyobomolewa, kustaafu bila kutaka, kuhamishwa kwa lori, kufiwa na mama, ni mambo yanayoingia kwenye nyumba za watu kila mahali, na picha za ndani ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoonyesha yakishaingia hukaa wapi: kwenye kiti kipi, kwenye mwili wa nani.

Na kama kuna kazi moja ya kufanya kabla ya sura inayofuata, ni hii. Toa picha za kwenu kabatini, kaa na mtu mzima aliyebaki, na nyuma ya kila moja andika majina, mahali na mwaka. Tumia penseli laini. Kalamu ya wino hukandamiza karatasi na alama zikatokea usoni kwa mtu. Zilizo kwenye simu, ziandikie maelezo palepale. Pale asipokumbuka, weka alama ya kuuliza, usibuni.